Prinsipe haiko amri

Hapa Goma siku hizi kila mutu ni mutu wa prinsipe. Bosi halipi bafanyakazi mbele ya tarehe 5, anasema ni prinsipe yake. Mwenye nyumba anataka garanti ya myezi 6, prinsipe. Kijana anakatala kumuomba mudogo wake musamaha, naye prinsipe. Ata mu formasyo za wikendi banatuambia tukate mashauri kufwatana na prinsipe, kisha banatuandikia liste ya mambo ya kukatala. Nia yao ni nzuri sana na ninaiheshimu, lakini ile liste ni ya masharti, na masharti na prinsipe ni bintu bibili.

Prinsipe, kwa maana yenye inasaidia mutu kukata shauri, ni ukweli juu ya namna dunia yenyewe inafanya kazi: hii ikitokea, ile itafwata, ju ya sababu fulani. Ukiijua, unaangalia hali yenye uko ndani, unapima, unachagua. Maana yenyewe haina shida. Shida ni kuichanganya na amri.

Amri iko na mwenyewe. Kuko mutu ameiweka, na ule mutu unaweza kumuendea, kumubembeleza, kumungojea abadilishe roho, ao kupita wakati hayuko. Bosi wa tarehe 5 akiona mutoto wako anagonjwa anaweza kukulipa tarehe 2, na hakuna kitu kitavunjika mu dunia. Prinsipe haina mwenyewe wa kubembelezwa. Haikujui, haijui baba yako, haijui kama umeomba asubui ao hukuomba, na usipoijua bado inafanya kazi vilevile.

Angalieni mazuku. Batu ba Bulengo na ba upande wa Lac Vert banaijua kutushinda siye ba mu centre. Ni gazi karboniki yenye inapanda toka chini ya ardhi kupitia mu mipasuko ya mawe ya volkano, haina rangi, haina arufu, na iko nzito kushinda hewa, karibu mara 1.5. Ju iko nzito, inashuka na kujaa mu mashimo na mu mabonde, zaidi usiku na asubui mapema wakati upepo umetulia, kisha jua likipanda na upepo ukianza kupuliza inapungua. Mu hewa ya kawaida ile gazi ni 0.04 kwa mia hivi. Ikipita 10 kwa mia inaweza kuangusha mutu kwa muda mufupi sana, na mu mazuku inaweza kupita pale mbali.

Sasa muzazi anaambia batoto: musiende kuchezea mu lile shimo. Ni amri nzuri, na amri kama ile imelinda batoto wengi. Lakini mutoto mwenye anajua ile amri peke yake anajua shimo moja tu. Siku familia inahama, inapata parseli ingine yenye iko chini ya barabara, hakuna mutu amesema kitu juu ya ile parseli. Mwenye anajua prinsipe atajiuliza mwenyewe: fasi ya chini kabisa ni wapi hapa, upepo unafika, mutoto analala chini ao juu ya kitanda?

Na muone hii pia, ju ni hapa batu bakubwa banakufia. Mutu anasimama pembeni ya shimo, anapumua muzuri, haskii kitu. Anaona mbuzi yake imelala mule ndani. Anajiambia kama mazuku ingekuwako ningeiskia, anashuka, bado anapumua muzuri ju pua yake ingali juu ya ile gazi. Kisha anainama kukamata mbuzi kwa miguu. Pale njo anatia pua yake fasi pua ya mbuzi ilikuwa. Amri ilisema tu usishuke, na yeye aliona mali yake iko inapotea akavunja amri, ju amri unaweza kuivunja kama kuko sababu nzito. Kama angejua kwamba pua kuwa juu ao chini njo inaamua, angeita batu, angetafuta kamba ndefu yenye fundo, angengojea jua na upepo. Ile mbuzi imekwisha kufa, haiende fasi.

Kuko kosa lingine karibu na hii, na kwangu njo linaumiza zaidi. Mutu ameskia "gazi inakaa chini", amekamata yale maneno matatu akaenda nayo. Mvua inanyesha, baridi, anaingiza mbabula ya makala mu chumba, anafunga dirisha, analaza batoto ku kitanda cha juu akiamini amebaokoa. Lakini moshi usioonekana wa makala, ile monoksidi ya kaboni, ni gazi ingine. Uzito wake ni karibu sawa na hewa, ata inapungukiwa kidogo, kwa hiyo inajichanganya mu chumba chote, chini na juu. Kitanda cha juu hakisaidie kitu, mbabula ibaki inje. Ule mutu hakutumia prinsipe, alitumia kipande chake. Prinsipe nzima inasema gazi yenye iko nzito kushinda hewa inashuka fasi upepo hauichanganye. Ukitosha mule maneno "yenye iko nzito", ukitosha na "fasi upepo hauichanganye", umebaki na amri tena, na haikuambie inaishia wapi.

Kwa franga ni vilevile, nipite haraka. "Usikope" ni amri, na kuko siku kukopa ni akili. Prinsipe ni kwamba faida ikiongezwa juu ya deni, deni nalo linaanza kuzaa. Ukikamata dola 100 kwa bank lambert, ule mukopeshaji wa mutaani, kwa 30 kwa mia kila mwezi na hulipe, myezi 4 inapita uko na dola 285 na zaidi. Ukijua vile unaweza kukopa kwa wiki mbili na kukatala kukopa kwa mwaka.

Ya mwisho ni kwa bale benye banasema volkano yetu ya Nyiragongo iko na prinsipe ya kulipuka kila miaka 20, ati tuko na muda mbele ya kuuza parseli. Bandugu, lave, ule uji wa moto wa volkano, ilishuka tarehe 10 Januari 1977, ikashuka tarehe 17 Januari 2002, ikashuka tarehe 22 Mei 2021. Hapo kuko vipindi viwili tu, miaka 25 na miaka 19, na hakuna sababu hata moja umeonesha yenye inalazimisha cha tatu kifanane navyo. Semeni tu ilitokea hivi mara mbili, ni kweli na hakuna atakatala. Chenye kinafanana na prinsipe kule ni kingine: lave ya Nyiragongo iko majimaji sana ju iko na kidogo tu ya silika, ile madini yenye inafanya lave kuwa nzito, kwa hiyo inakimbia haraka ikifwata muteremko, na inaweza kutokea ku mipasuko ya mbavu za mulima, haingoje kutoka ku kilele. Mwaka 2002 mipasuko ilishuka mpaka upande wa Munigi, na lave ikakata muji mpaka mu ziwa. Kwa hiyo kama unapima kununua ao kuuza, acha kuhesabu miaka, uliza muteremko unaelekea wapi na mipasuko ya zamani ilipita wapi, na ku OVG, ile ofisi ya Goma yenye inachunguza volkano, kuko batu benye banaweza kukuonesha ile karte.