"Hiyo ya Mbwa": Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Chakula cha Mbwa

Sokoni hapa Busia, upande wetu wa Uganda, ukipita kwa wauza nafaka utaona gunia limesogezwa kando, mahindi yake yameota ukungu wa kijani. Ukiuliza bei unajibiwa, "Hiyo ya mbwa." Buchani ni vivyo hivyo: ini lenye uvimbe wa maji linatupwa kwenye karai la chini, la mbwa. Mimi natibu mifugo na mbwa wa mji huu, na maneno hayo yananiumiza, kwa sababu najua yanakoishia. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Daktari, mahindi yenye ukungu nikiyapika sana si yatafaa kwa mbwa?

Hayafai. Ukungu ule huacha sumukuvu, ambayo wengi wanaiita aflatoksini, na moto wa jikoni hauimalizi. Chemsha upendavyo, sumu inabaki. Ndiyo sumu iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004 kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mbwa huumia nayo haraka kwa sababu anakula chakula kilekile asubuhi na jioni, siku zote. Ini ndilo linaloharibika. Anakataa kula, anatapika, weupe wa macho unageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Wengi huletwa kwangu wakiwa wamefika hapo, na hapo nina machache ya kufanya.

Jihadhari zaidi na pumba. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye pumba na kiini, na pumba ndizo watu huwanunulia mbwa kwa kuwa ni rahisi. Kama mahindi hayo usingempikia mtoto wako posho, yaani ugali, pumba zake usimpe mbwa.

Nikimpa posho tupu kila siku kuna ubaya gani? Mbwa wa baba yangu walikula hiyo na waliishi.

Waliishi, lakini walikuwa wanazunguka kijijini wakijitafutia panya, mayai na panzi. Mbwa wako amefungwa getini. Posho inashibisha, ila haina protini ya kumtosha wala kalsiamu ya mifupa. Mtoto wa mbwa anayekulia posho tupu manyoya yake hufifia na miguu huanza kupinda.

Dawa yake iko ziwani: mukene, wale dagaa wadogo. Mukene mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa mbwa anamla mzima na miiba yake midogo, anapata kalsiamu humohumo. Kwa mbwa mzima wa kilo 15 mimi huwaambia watu kikombe cha unga, yaani kama gramu 150, mukene gramu 50 hadi 60, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, kwa siku nzima, ukigawa mara mbili. Akianza kukonda ongeza, akinenepa punguza. Tia boga au sukuma kidogo kama ipo. Usitie kitunguu: mbwa wa kilo 10 anaweza kudhurika kwa gramu 150 tu za kitunguu, na kidogo kidogo cha kila siku nacho huharibu damu. Kwa hiyo mabaki ya mchuzi wenu yaacheni.

Mukene mnunue kwa macho na pua. Anayeanikwa juu ya mchanga mtupu huja na mchanga wake; tafuta aliyekaushwa kwenye nyavu au vichanja, mpepete, mwoshe, kisha mpike. Akinuka mafuta yaliyochacha, mwache. Watoto wa mbwa watwangie, na hadi miezi sita wale mara tatu au nne kwa siku.

Mapafu na maini kutoka machinjioni napata bure. Nimpe?

Mpe, lakini yakiwa yamechemka. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hubeba malengelenge ya maji kwenye ini na mapafu. Mbwa akiyala mabichi, tegu mdogo sana, asiyefikia hata sentimita moja, anakua tumboni mwake. Mbwa mwenyewe haonyeshi ugonjwa wowote. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, hushika manyoya, udongo, mboga za bustani, kisha yanaingia kinywani mwa mtoto aliyemshika mbwa na kula bila kunawa. Ndani ya mtoto lengelenge linakua polepole, miaka mingi, kwenye ini au mapafu, na mara nyingi huishia kwenye upasuaji. Karamoja, ambako watu, mbwa na mifugo huishi pamoja, wanaujua ugonjwa huu vizuri.

Chemsha vipande vidogo kwa dakika 30 au zaidi tangu maji yaanze kuchemka. Yenye malengelenge yafukie au yachome, usihangaike kuyapika. Na mbwa apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kwa ratiba ya daktari wako, maana dawa nyingi za minyoo ya kawaida hazimgusi tegu huyu.

Mifupa ya kuku?

Iliyopikwa hapana. Inavunjika kwa ncha kali na kuchoma koo au utumbo.

Watoto wanapenda kumrushia vitu vitamu. Vipi ni salama?

Kiazi kitamu kilichochemshwa, kipande cha papai bila mbegu, ndizi mbivu, karoti, yai la kuchemsha. Vyote hivyo visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

Chokoleti asionje. Ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huchelewa sana kuitoa. Moyo unakimbia, anatetemeka, anaweza kufa. Ndugu zetu wa Bundibugyo wanaoanika kakao, maganda yake nayo yana sumu hiyohiyo, msiyamwage anapolala mbwa. Zabibu, hata zile kavu za kwenye keki, zinaweza kuua figo. Kokwa la ovakado humkwama. Machicha ya pombe yana kileo, na mbwa hakiwezi.

Mbaya kuliko vyote ni bigijii, ile ya kutafuna, isiyo na sukari. Nyingi zina kitu kinachoandikwa kwenye karatasi yake xylitol au E967, na hushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya nusu saa.

Chakula cha kiwandani ni bora zaidi?

Kikiwa kimeandikwa ni chakula kamili na cha umri wa mbwa wako, ni kizuri. Nunua mfuko uliofungwa, usome tarehe. Kile kinachopimwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kutoka gunia lililo wazi hujui kimekaa na unyevu tangu lini. Kiwanda nacho hukosea: Marekani, mwishoni mwa 2005, mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Mbwa akibadilika baada ya kufungua mfuko mpya, simamisha chakula hicho na uhifadhi mfuko.

Akila sumu, nimpe maziwa?

Usimpe maziwa, wala mafuta ya mawese, wala maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi nayo ni sumu. Mpigie daktari wa mifugo hapohapo, hata kama mbwa bado anacheza. Njoo na karatasi ya kile alichokula, ukumbuke saa aliyokila na uzito wake kwa kukadiria. Ikiwa ni bigijii, usipoteze muda kubishana bei na bodaboda: panda, uje.