Midoli Inayoua Kwenye Sinema: Tunayoambiana Mtaani na Yaliyo Kweli

Ukikaa nusu saa kwenye laibrari yoyote ya muvi pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, watu wanapoleta flashi zao zijazwe sinema, utasikia mengi kuhusu mapicha ya midoli inayoua. Mmoja anaapa kwamba Chucky ni kisa cha kweli. Mwingine anasema Annabelle aliwahi kutoroka makumbusho huko Marekani. Pembeni, mzazi anamchagulia mwanawe sinema kwa kutazama kava tu: kuna mdoli, basi ni ya watoto. Nazipenda sana sinema hizi, hasa zile zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, na inaniuma kuona zinaogopwa pasipostahili na kudharauliwa pasipostahili, kisha zinawekwa mbele ya watoto ambao hawakutengenezewa.

"Ni ya watoto, si ina mdoli?"

Naanza na hili kwa sababu ndilo lenye madhara. Child's Play, sinema ya kwanza ya Chucky, ilitoka mwaka 1988 ikiwa na daraja R, maana yake huko Marekani aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mlezi. Annabelle ya 2014 nayo ni R. M3GAN, sinema ya mdoli wa roboti iliyoingia kumbi za Marekani Januari 2023, ilipewa PG-13, ambalo ni onyo kwa wenye watoto wa chini ya miaka 13. Hapa kwetu Bodi ya Filamu Tanzania, iliyo chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976, nayo inapanga sinema kwa umri. Shida ni kwamba daraja halisafiri na flashi. Faili linakuja na jina tu, wakati mwingine nusu ya jina, na kwenye kibanda umiza mwenye kiingilio chake ndiye anayeingia.

Halafu kuna sauti ya mtafsiri. Tangu enzi za Lufufu tumezoea sinema inayosimuliwa kwa Kiswahili juu ya picha, na msimuliaji mzuri hachoki kutia utani. Chucky anaporomosha maneno ya vijiweni, banda zima linacheka. Mtu mzima anacheka huku akijua kwamba anaangalia maigizo. Mtoto wa miaka minne au mitano bado hajakomaa kutenganisha kinachoigizwa na kinachotokea. Atacheka na wenzake mchana, usiku umeme ukikatika atagoma kulala chumba kimoja na mdoli wake. Simba wa kwenye sinema anabaki kwenye sinema, lakini mdoli yupo pale pale kitandani. Kama mtoto ameshaona na ameshaogopa, kumwambia "acha woga" hakumsaidii. Kaa naye, mtafutie video za jinsi Chucky alivyotengenezwa, azione nyaya na mikono ya watu wanaomwendesha.

"Annabelle ni wa kweli"

Mdoli anayeitwa Annabelle yupo. Ila si yule unayemwona kwenye sinema. Ni Raggedy Ann, mdoli wa kitambaa mwenye nywele nyekundu za uzi na pua ya pembetatu, aina iliyouzwa madukani Marekani tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Ed na Lorraine Warren, mume na mke waliojitangaza kuwa wachunguzi wa mapepo, walimweka ndani ya sanduku la kioo kwenye makumbusho yao huko Monroe, Connecticut. Habari kwamba aliwahi kudhuru watu zinatokana na masimulizi yao na ya watu wao, hazijawahi kuthibitishwa. Yule mwenye uso uliopasuka na macho makubwa alibuniwa na watengeneza sinema, akaonekana kwanza mwaka 2013 kwenye The Conjuring ya James Wan. Agosti 2020 uvumi kwamba ametoroka ulizagaa mitandaoni dunia nzima. Hakuwa ametoka kwenye sanduku lake.

Chucky naye huunganishwa na Robert, mdoli wa zamani sana aliyehifadhiwa Fort East Martello, Key West, Florida, ambako wageni humwandikia barua za kumwomba radhi. Robert yupo, na barua zipo. Lakini Don Mancini, aliyemtunga Chucky, ameeleza mara nyingi kwamba alichochewa na matangazo ya biashara: namna kampuni za midoli za miaka ya 1980 zilivyowatia watoto kiu mpaka wazazi wanagombania mdoli dukani. Ukiiangalia upya sinema ya 1988 utaliona jambo hilo wazi. Mama asiye na uwezo anamtafutia mwanawe mdoli wa gharama, anaishia kumnunua kwa bei rahisi kwa mchuuzi wa uchochoroni. Hakuna mzazi wa Mbeya anayehitaji kufafanuliwa sehemu hiyo.

Kuna sababu nyingine inayofanya visa hivi viaminike. Mwaka 1970, Masahiro Mori, profesa wa roboti nchini Japani, aliandika kwamba kitu kikifanana na binadamu kidogo tunakipenda, kikifanana naye sana bila kufika tunaanza kukiogopa. Pita kwenye mitumba ya Sido, mahali wanapomwaga midoli chini pamoja na mabegi na viatu. Dubu wa manyoya hamsumbui mtu. Ila okota mdoli wa plastiki mwenye macho ya kufumba na kufumbua, ambaye kope moja imekwama nusu, nywele zimetoka na kuacha mistari ya vitundu kichwani. Mgeuze. Jicho zima linafunguka, lile bovu linabaki. Mwili utasisimka kabla hujawaza lolote, na hapo hakuna pepo.

"Ukiyatamka yale maneno ya Chucky, mdoli wako anaamka"

Huku Nyanda za Juu Kusini habari za ushirikina hazifanyiwi mzaha, nami sibishani na imani ya mtu. Nasema kuhusu maneno haya tu, yale ambayo muuaji kwenye Child's Play anayatamka ili roho yake iingie ndani ya mdoli: yalitungwa kwa ajili ya sinema. Damballa anayetajwa ndani yake ni roho anayeheshimiwa katika dini ya Vodou ya Haiti, mwenye sura ya nyoka, na waumini wake humhusisha na uumbaji na utulivu. Kuhamisha roho ya muuaji ndani ya mdoli ni ubunifu wa Hollywood, ambao kwa miaka mingi umeipaka matope dini ya watu. Hilo mimi nalihesabu kuwa kosa la sinema hizi, na kuzipenda hakunifanyi nilifiche.

"Kompyuta ndiyo inafanya kila kitu"

Hapa ndipo ningependa kila kijana anayeota kutengeneza sinema Uyole au Kihesa asimame kidogo.

Chucky wa 1988 alikuwa mdoli wa mitambo, kazi ya fundi Kevin Yagher na timu yake. Kulikuwa na midoli kadhaa, kila mmoja na kazi yake. Mmoja wa kutembea, mmoja wa kurusha mikono, na vichwa vyenye sura tofauti, kuanzia ile ya upole hadi ya hasira. Uso uliendeshwa kwa rimoti, midomo mtu wake, macho na nyusi mtu mwingine, na wote walilazimika kwenda sawa na sauti ya mwigizaji Brad Dourif iliyokuwa imerekodiwa kabla. Watu kadhaa wanapumua pamoja ili kitu kimoja kionekane kimekasirika! Na mdoli alipotakiwa kukimbia, waliingiza mtu. Ed Gale, mwigizaji mwenye kimo kifupi, alivaa nguo na sura ya Chucky, na samani zikajengwa kubwa kuliko kawaida ili aonekane mdogo kama mdoli.

Puppet Master ya 1989, kutoka kampuni ya Charles Band, ina vikaragosi vidogo vya kutisha: mmoja mikono yake ni kisu na ndoano, mwingine kichwa chake ni kekee ya kutobolea, mwanamke mwingine anatapika ruba. Vingi viliendeshwa kwa fimbo na nyuzi, na fundi David Allen akatumia pia mbinu ya kupiga picha moja moja. Unakipiga kikaragosi picha, unakisogeza kidogo sana, unapiga tena. Sekunde moja ya sinema inakula picha 24. Mtu anayesema hiyo ni kazi ya ovyo, simu anayo mkononi na muda wa kujaribu anao.

Hata M3GAN, ambaye wengi wanadhani ni kompyuta tupu, mwili wake ni wa Amie Donald, binti mcheza dansi kutoka New Zealand, aliyevaa sura ya bandia. Sauti ni ya Jenna Davis, na midoli ya mitambo ilitumika pale ilipohitajika. Kompyuta ilikuja kumalizia. Ile dansi ya kwenye korido iliyosambaa mitandaoni ilichezwa na miguu ya binadamu.

Mawili ya kupita haraka

Chucky si wa kwanza. Dead of Night ya Uingereza ilikuwa na kikaragosi cha kutisha mwaka 1945, na Dolls ya Stuart Gordon ilimtangulia kwa mwaka mmoja.

Na lile la kwamba sinema hizi huzaa wauaji: mwaka 1993 magazeti ya Uingereza yaliibebesha Child's Play 3 lawama ya mauaji ya mtoto yaliyofanywa na watoto wawili wa miaka 10. Polisi waliochunguza hawakupata ushahidi kwamba watoto hao waliitazama. Lawama ilibaki, ushahidi haukuja.

"Fedha kidogo, sinema mbovu"

Annabelle iligharimu takriban dola milioni 6.5 na kuingiza zaidi ya milioni 250 duniani. M3GAN iligharimu kama milioni 12, ikaingiza karibu milioni 180. Kwa Hollywood hizo ni fedha za mboga. Puppet Master haikupelekwa hata kumbini, iliuzwa moja kwa moja kwenye kanda za video, na imezaa sinema zaidi ya 10.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa televisheni. Trilogy of Terror ya Dan Curtis ilirushwa Marekani mwaka 1975, na kisa chake cha tatu kina mwanamke mmoja, Karen Black, nyumba moja ya kupanga, na kinyago kimoja chenye meno na mkuki. Mnyororo wa dhahabu uliofunga roho ndani yake unadondoka. Basi. Kwa muda mrefu kinyago hakionekani kabisa. Kamera inakimbia chini, usawa wa miguu ya viti, kana kwamba ndiyo macho yake. Mwanamke anakifungia ndani ya sanduku la nguo, anashusha pumzi, kisha ncha ya kisu inachomoza na kuanza kukata mduara kutokea ndani, taratibu. Haikuhitaji milioni kumi. Ilihitaji mtu aliyefikiri pa kuweka kamera.

Bongo Movie imeshagusa kutisha. Mussa Banzi alitupa Nsyuka na Shumileta, na sinema nyingi za aina hiyo zimedharauliwa kwa ajili ya ubovu wa picha tu. Nyanda za Juu Kusini tuna mandhari ambayo wengine wanalipia kuyajenga: ukungu wa asubuhi kwenye mipaina ya Sao Hill, majengo ya enzi za Wajerumani pale Iringa na Tukuyu, Julai yenye baridi ya kumfanya kila mtu afunge mlango mapema. Na mdoli tunaye, hahitaji kuagizwa: yule wa gunzi la mahindi aliyefungwa kitambaa na kubebwa mgongoni na mabinti wa vijijini. Hana macho wala mdomo, na hiyo kwa sinema ya kutisha ni faida.

Atakayejaribu asikimbilie kununua kamera kubwa. Aanze na sauti, kwa sababu ndipo sinema zetu nyingi za fedha kidogo zinapoanguka, na kinyago cha Karen Black kinatisha zaidi kwa kelele zake kuliko kwa mwendo wake. Maikrofoni ya bei nafuu, chumba chenye sakafu ya mbao, saa ambayo bodaboda zimepungua barabarani, na gunzi linaloburutwa polepole juu ya mbao hizo.