"Ni wa Ukoo Wetu": Maswali Kuhusu Mtoto Asiyerefuka

Nahudumu katika kliniki ya watoto Eastlands, Nairobi. Kila wiki namwonyesha mama fulani mstari wa ukuaji wa mtoto uliolala, yaani haupandi, kwenye kijitabu cha kliniki, naye ananijibu: "Sista, hata babake ni mfupi." Jibu hilo limewachelewesha watoto wengi mno.

Swali: Kwani umbo la mwili halirithiwi?
Linarithiwa. Urefu, upana wa mifupa, hata mahali mafuta yanapokaa, vyote vinaongozwa na jeni nyingi za baba na mama. Kati ya watu waliolishwa vizuri, takriban asilimia 80 ya tofauti za urefu hutokana na urithi. Shikeni hapo: waliolishwa vizuri.

Swali: Basi wangu ni mfupi kwa sababu ya ukoo?
Usiseme hivyo kabla hajapimwa. Mtoto huzaliwa na kama sentimita 50, na akitimiza mwaka anakaribia 75. Hatarefuka hivyo tena maishani. Mtoto wa ukoo mfupi mstari wake huwa chini, lakini unapanda. Mstari uliolala si ukoo. Mara nyingi ni lishe duni, au kuhara kusikoisha.

Swali: Lakini anakula, anashiba.
Anashiba nini? Nilimlaza kwenye ubao mvulana wa miezi 14, akatoa sentimita 70. Amedumaa vibaya. Baba aliyembeba alikuwa mrefu hadi akainama mlangoni, na bado wakaniambia mtoto amemrithi babu! Mkononi alishika chupa ya chai. Asubuhi chai na mkate, jioni ugali na mchuzi wa sukuma. Jamani, mchuzi mtupu haujengi mfupa, na chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mpe yai. Saga omena utie kwenye uji. Ponda ndengu, ponda parachichi.

Swali: Si atarefuka akibalehe?
Msingoje kubalehe, nawasihi. Kinachopotea kuanzia mimba hadi miaka miwili ni vigumu sana kukirudisha, na ubongo nao unajengwa wakati huo huo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 18 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hizo zote ni koo fupi?

Swali: Dawa ya hamu ya kula ya kemisti je?
Hapana. Acheni.

Swali: Alishamaliza sindano ya miezi tisa. Kliniki ya nini tena?
Hapa ndipo tunapowapoteza. Surua ina sindano ya pili miezi 18, na kupimwa kunaendelea hadi miaka mitano hata pasipo sindano. Akipimwa uzani peke yake, dai na urefu: viatu vivuliwe, alazwe ubaoni.

Swali: Nije lini?
Mstari ukilala miezi miwili, njoo wiki hii, ukoo wako uwe mrefu au mfupi. Miguu ikivimba, au utepe wa kupima unene wa mkono ukisoma nyekundu, njoo leo.