Chupa ikiandikwa PD-L1, haimaanishi inashika PD-L1 tu

Imani hii imezoeleka maabara kwa miaka mingi: kingamwili, yaani protini inayonasa protini nyingine na hutumiwa kuipaka rangi ili ionekane, ni ufunguo wa kufuli moja, kwa hiyo chupa ya kingamwili ikiandikwa PD-L1, kila kinachogeuka kahawia chini ya darubini ni PD-L1. Si lazima.

PD-L1 ni protini ambayo seli za saratani nyingi huiweka kwenye utando wao wa nje. Ikigusana na PD-1, protini nyingine iliyo juu ya seli T, askari wa kinga, askari huyo hupoa. 

Sasa, kingamwili haisomi jina. Hushika kipande kidogo tu cha umbo la protini, na protini nyingine yenye kipande kinachofanana nacho inaweza kunaswa. Tena uvimbe ukishalowekwa fomalini na kugandishwa ndani ya nta, maumbo hupindika. Kingamwili iliyofanya vizuri kwenye seli hai huenda ikashindwa hapo. Hata zile zinazotumika hospitalini hazikubaliani: kingamwili ya PD-L1 iitwayo SP142 kwa kawaida hupaka rangi seli chache za saratani kuliko nyingine iitwayo 22C3, uvimbe ukiwa uleule.

Mtafiti makini huanza na kondo la nyuma, ambalo lina PD-L1 tele, kisha hujaribu seli zilizoondolewa jeni ya protini hiyo. Hizo za pili zikigeuka kahawia, kingamwili hiyo haifai kwa kazi hiyo, hata lebo iseme nini.