Robert FitzRoy, Nahodha Aliyeingia Bungeni: Dhana Potofu na Ukweli

Jina la Robert FitzRoy hutajwa zaidi pembeni mwa habari za Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe: nahodha wa meli ya Beagle, mshika dini aliyempinga mgeni wake na hatimaye akajiua. Mtu huyo alizaliwa Suffolk mwaka 1805, akaingia chuo cha jeshi la majini Portsmouth akiwa na miaka 12, kisha akawa mbunge, gavana wa New Zealand na mwasisi wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Maisha mapana kiasi hicho yakibanwa katika sentensi moja hayakosi kupindika.

Dhana ya kwanza ni kwamba Darwin aliajiriwa kuwa mwanasayansi rasmi wa Beagle.

Kwa desturi ya wakati ule, kazi ya kukusanya mimea na wanyama ilikuwa ya tabibu wa meli. Tabibu huyo, Robert McCormick, alipoona kijana wa miaka 22 anapendelewa mbele yake, aliiacha safari Rio de Janeiro mwaka 1832. Darwin alisafiri kwa fedha za baba yake na akila meza moja na nahodha, kwa sababu FitzRoy ndiye aliyeomba apatiwe mwenzi wa kuzungumza naye. Hilo halikuwa jambo la anasa. Nahodha aliyemtangulia, Pringle Stokes, alijiua mwaka 1828 katika upweke wa pwani za kusini mwa Amerika Kusini, na ndipo FitzRoy akakabidhiwa meli akiwa na miaka 23 tu. Mjomba wake, Lord Castlereagh, waziri wa mambo ya nje, naye alikuwa amejiua mwaka 1822. FitzRoy alijua vizuri kile alichokuwa anakihofia alipong'oa nanga tarehe 27 Desemba 1831, kwa safari iliyokwisha Oktoba 1836.

Dhana nyingine ni kwamba tangu mwanzo alikuwa mtu wa kushikilia kila neno la Biblia. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyempa Darwin juzuu la kwanza la kitabu cha jiolojia cha Charles Lyell, kilichoeleza kuwa sura ya dunia imefinyangwa polepole kwa muda mrefu mno. Katika maelezo yake ya safari yaliyochapishwa mwaka 1839, FitzRoy anakiri mwenyewe kwamba alipoyaona matabaka ya mawe ya Patagonia, kusini mwa Amerika Kusini, alimwambia rafiki yake kuwa gharika ya siku 40 isingeweza kufanya kazi hiyo. Imani yake ilikazana baadaye, baada ya kumwoa mke mcha Mungu mwishoni mwa 1836. Kwa hiyo, wale wanaowachora watu hawa wawili wakipigana vita vya dini na sayansi ndani ya Beagle wanaurudisha nyuma ugomvi wa miaka ya baadaye. Ndani ya meli, ugomvi wao mkubwa uliokumbukwa ulihusu utumwa huko Brazili, na FitzRoy aliomba radhi baada ya saa chache.

Wapo pia wanaodhani kwamba siasa kwake ilikuwa pambo la mtu wa ukoo mkubwa. Ni kweli kwamba babu yake, Duke wa Grafton, aliwahi kuwa waziri mkuu, na ni kweli kwamba ukoo ulifungua milango. Hata hivyo, alipogombea ubunge Ipswich mwaka 1831 alishindwa, na ushindi wa Durham mwaka 1841 haukuwa wa heshima sana: mgombea mwenzake wa chama hichohicho, William Sheppard, alijitoa, wakatukanana kwa barua hadi wakakaribia kupigana kwa bastola, na mwishowe Sheppard akamwendea mtaani London akiwa na mjeledi, naye FitzRoy akamchapa kwa mwavuli. Kichekesho hicho kimedumu kuliko kazi yake bungeni, jambo ambalo si haki. Mwaka 1842 alipeleka muswada wa kutaka manahodha na maofisa wa meli za biashara watahiniwe na kupewa vyeti kabla ya kukabidhiwa roho za watu. Haukupita wakati huo, lakini kanuni yake iliingia katika sheria mwaka 1850.

Inadaiwa vilevile kwamba New Zealand ilimshinda kwa sababu alikuwa gavana dhaifu. Dhana hii inatakiwa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ilitangazwa kwa bidii na waliokuwa na maslahi ya kuitangaza. Alifika Desemba 1843, miezi michache baada ya mapigano ya Wairau, ambapo walowezi 22 waliuawa walipojaribu kuwakamata machifu wa Kimaori katika mgogoro wa ardhi ambayo machifu hao walisema hawakuiuza. Walowezi walitarajia kisasi. FitzRoy alikutana na chifu Te Rauparaha mwanzoni mwa 1844, akasikiliza, kisha akatamka mbele ya umati kwamba walowezi ndio waliotangulia kukosa, na kwamba hatalipiza. Hata Wizara ya Makoloni London ilikiri kuwa hatua ya walowezi haikuwa halali. Lakini kampuni iliyouza ardhi kwa wahamiaji ilikuwa na sauti kubwa bungeni, na sauti hiyo ilitaka aondolewe.

Makosa yake yalikuwepo, na hayafai kufunikwa. Hazina ikiwa tupu, alitoa hati za fedha bila idhini, akafuta ushuru wa forodha, akaruhusu walowezi kununua ardhi moja kwa moja kutoka kwa Wamaori. Vita na chifu wa Kimaori Hone Heke vilipozuka Machi 1845 alikuwa na askari wachache mno. George Grey, aliyepokea ugavana kutoka kwake mwaka huohuo, alipewa fedha na askari ambao FitzRoy hakuwahi kupewa, na kuwalinganisha bila kulitaja hilo ni kumwonea.

Kuhusu hali ya hewa, dhana iliyoenea ni kwamba alikuwa mbahatishaji, na kwamba ndiyo sababu utabiri wake ulifutwa. Alipopewa ofisi ndogo mwaka 1854, kazi yake ilikuwa kukusanya takwimu tu. Oktoba 1859 meli Royal Charter ilivunjwa na dhoruba pwani ya Anglesey, Wales, na watu zaidi ya 400 wakafa. Kuanzia Februari 1861 alituma maonyo ya dhoruba kwa telegrafu, na tarehe 1 Agosti mwaka huo gazeti la The Times likachapa utabiri wake wa kwanza. (Neno letu “utabiri” lisingempendeza. Yeye alichagua neno la Kiingereza lisilonuka uaguzi, akisisitiza kuwa hayo ni makadirio yenye hesabu.) Baada ya kifo chake, kamati ya wanasayansi ilisema kazi hiyo haina msingi wa kutosha, ikasimamishwa mwaka 1866. Malalamiko yakafuata, maonyo yakarudi mwaka 1867 na utabiri kwa umma mwaka 1879. Mwaka 2002 eneo moja la bahari katika taarifa za hewa za mabaharia wa Uingereza lilipewa jina lake.

Dhana ya mwisho ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba alijiua kwa majuto ya kumbeba Darwin. Ni kweli kwamba Juni 1860, alipokwenda Oxford kwa ajili ya makala yake kuhusu dhoruba, alisimama katika mjadala wa mageuzi ya viumbe akiwa ameshika Biblia. Lakini alifariki karibu miaka mitano baadaye, tarehe 30 Aprili 1865, akiwa amechoka, masikio yakiwa yameanza kuziba, utabiri wake ukishambuliwa, na huzuni nzito ikimrudia kama ilivyomrudia mara kadhaa maishani. Mali yake ilikuwa imekwisha, nyingi akiwa ameitumia kwa kazi za umma, ikiwamo merikebu aliyoinunua mwaka 1833 ili kuharakisha upimaji wa pwani, ambayo jeshi la majini lilikataa kuilipia. Marafiki walichanga ili kumsaidia mjane na watoto, na Darwin alitoa pauni 100.