Mvulana Aliyechezea Karo: Je, Wajua Kwa Nini Holden Caulfield Huwagombanisha Wasomaji?

Nakala yetu ya riwaya ya Holden Caulfield ilikuwa moja tu, ya mitumba, jalada lake likishikiliwa na selotepu. Ilipita mikononi mwa watu sita hapa Nakuru kwa karibu miezi mitatu, kisha tukakutana Jumamosi mchana kuizungumzia. Mwalimu mstaafu ndiye aliyeanza. Aliilaza mezani, akavua miwani, akasema, "Huyu kijana amechezea karo ya wazazi wake. Mimi sina zaidi." Aliyeketi mkabala naye, binti wa chuo, alikuwa ameisoma mara mbili, na mara zote mbili ilimliza. "Mwalimu," aliuliza kwa upole, "kwani hukufika kwenye habari za glavu?" Mwalimu alikuwa amefika. Hazikumgusa.

Kitabu chenyewe ni The Catcher in the Rye, riwaya ya Mmarekani J. D. Salinger iliyotoka Julai 1951. Msimulizi wake, Holden Caulfield, ana miaka 16 mambo yanapomtokea na 17 anapoyasimulia. Amefukuzwa shule ya bweni huko Pennsylvania baada ya kufeli masomo manne kati ya matano. Alipita Kiingereza pekee. Hangoji likizo ya Krismasi ifike. Anaondoka usiku, anapanda treni hadi New York alikokulia, na kwa siku chache anazurura kwenye hoteli, baa, makumbusho na bustani, akiogopa kubisha hodi kwao. Nakala zilizouzwa duniani zimepita milioni 65, na tangu mwaka ule wa kwanza wasomaji wamegawanyika pande mbili: wanaomwona ni mtoto mlalamishi aliyedekezwa, na wanaomwona ni ndugu yao. Je, inakuwaje maneno yaleyale yazae hukumu zilizo mbali hivyo?

Kwanza niseme pale ambapo sisi sita tulikuwa pamoja. Holden anajua kwamba mwalimu mkuu ameshawaandikia wazazi wake barua. Hataki kufika kabla ya barua hiyo. Anapanga chumba hotelini ili itangulie, mama aisome, aumie, atulie kidogo, ndipo yeye atokee Jumatano kana kwamba likizo ndiyo imeanza. Aliyesoma shule ya bweni Kenya hahitaji kuelezwa hofu hiyo. Wangapi walitumwa nyumbani na sanduku lao la bati wakashukia kwanza kwa shangazi? Hapo wote tulimwelewa. Tuliachana njia baadaye.

Wasiompenda wana haki yao, na mwandishi mwenyewe ndiye aliyewapa ushahidi. Holden anatuambia waziwazi kwamba yeye ni mwongo kupindukia. Kwenye treni anamdanganya mama wa mwanafunzi mwenzake, akimsifu mwanawe kwa sifa ambazo kijana yule hana hata chembe. Anawadharau karibu watu wote anaokutana nao. Pesa hazimsumbui: bibi yake, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka, humtumia zawadi ya siku ya kuzaliwa kama mara nne kwa mwaka. Sasa mweke kijana huyu mbele ya mwalimu wetu, aliyesimama paredi miaka na miaka akisoma majina ya watoto waliotakiwa kurudi nyumbani kutafuta karo. Alishuhudia watoto wenye akili wakiondoka langoni wakilia kwa sababu ya shilingi elfu tatu. Hasira yake haitokani na kusoma vibaya. Inatoka kwenye lango lile.

Lakini kuna jambo la pili, nalo linawahusu hata wasiowahi kushika chaki. Sisi tulifundishwa kusoma riwaya kwa ajili ya mtihani: maudhui, wahusika, mbinu za uandishi, na mwisho kabisa mwandishi anatufunza nini. Tena riwaya yetu wenyewe ya kukua, ile ambayo wengi wa rika langu waliimeza, ilitupa kipimo. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, kijana Kongowea anafiwa na mama, anatoka Tanga, anavuka mpaka na kuja hadi Kitale kumtafuta baba yake. Safari ya Kongowea ina anwani. Unajua anachokitafuta, unajua nani amemkosea, na kila anapoanguka unataka ainuke. Msomaji aliyelelewa na Kongowea akimfungua Holden anauliza: huyu naye anatafuta nini? Ana baba, ana mama, ana nyumba New York. Safari yake haina anwani, na kitabu kinaisha bila yeye kuipata. Kwa aliyezoea kuandika funzo kwenye mstari wa mwisho wa jibu, ukurasa huo unabaki mtupu.

Sasa glavu, maana mimi naona ugomvi wote umefichwa humo.

Mapema katika kitabu, Stradlater, anayelala chumba kimoja na Holden, anakwenda kujiburudisha na msichana na anamwomba Holden amwandikie insha: eleza chumba, au nyumba, kitu chochote cha aina hiyo. Holden anakaa chini na kuandika kuhusu glavu ya besiboli ya mdogo wake Allie. Allie alikuwa ameiandika mashairi kotekote kwa wino wa kijani, ili apate cha kusoma akiwa uwanjani mpira haujamfikia. Kisha, kama mtu anayetaja jambo dogo, Holden anasema Allie alikufa kwa saratani ya damu tarehe 18 Julai 1946. Allie alikuwa na miaka 11, Holden 13. Usiku ule Holden alilala kwenye gereji na kuvunja madirisha yote kwa ngumi, na hadi leo mkono unamuuma mvua ikinyesha. Anaeleza haya kwa muda mfupi tu, halafu anaendelea na mambo mengine. Stradlater anarudi, anaisoma insha, anawaka: nilikuambia chumba au nyumba, wewe umeniandikia glavu! Holden anaichukua na kuichana vipande vipande.

Mwalimu yeyote wa lugha hapa kwetu angeiandikia insha ile kwa wino mwekundu: nje ya mada. Na kitabu kizima ni insha ya namna hiyo. Mvulana anatakiwa aeleze kwa nini amefukuzwa shule, naye anaandika kuhusu kofia yake nyekundu, watawa wawili alioketi nao wakila kifungua kinywa, bata wa bustanini, watu wanaomkera. Ukisahihisha kama Stradlater, utaona uvivu na malalamiko. Ukiwa umeisikia ile glavu, kila lalamiko baada ya hapo unalisikia likiwa na kilio chini yake. Holden mwenyewe hatakusaidia. Halii msiba wake mbele yako, hasemi kwamba hajapona. Na sisi tumekulia mahali ambapo mtoto wa kiume aliyefiwa huambiwa palepale kaburini, "Jikaze kisabuni." Wapo walioambiwa hivyo wakajikaza kweli, nao wanamwona Holden ameshindwa kufanya lililomfaa. Wapo walioambiwa hivyo na hawajawahi kusahau. Katika kundi letu walikuwepo wa aina zote mbili, na haikuchukua dakika kumi kuwatambua.

Lugha nayo inachangia. Salinger alimwandika Holden kwa mazungumzo ya vijana wa New York wa miaka ya arobaini: anarudia maneno, anaapa, anatukana, anaanza sentensi na kuiachia njiani. Sisi tuliojifunza Kiingereza darasani tunayaona marudio hayo kama makosa, kwa sababu kurudia neno kwenye insha kulitunyima alama. Fikiria mtu aandike riwaya kwa sheng ya mtaa mmoja wa Nakuru, kisha isomwe Marekani miaka 70 baadaye na mtu anayeangalia sarufi. Mdundo wote ungempita. Huko Tulsa, Oklahoma, matusi hayo yalimgharimu mwalimu kazi mwaka 1960 kwa kuwapa wanafunzi kitabu hiki. Alirudishwa kazini baada ya kukata rufaa, kitabu hakikurudishwa.

Kuna neno moja hasa ambalo tulishindwana nalo mezani: phony, neno ambalo Holden anawatupia watu kurasa nzima. Tukisema "mnafiki", tumemhukumu mtu kwa neno zito la dini. Tukisema "feki", tumemshusha hadi kuwa kama simu ya bandia. "Wa kujifanya" linakaribia, lakini ni laini mno. Aliyesoma akiwa na "mnafiki" kichwani alimwona Holden kuwa hakimu mwenye kiburi. Mimi lilinikaa vizuri pale tu nilipokumbuka mfano wake wa mwalimu mkuu wa shule aliyosoma zamani. Jumapili wazazi walipokuja, mwalimu yule aliwachangamkia wote, isipokuwa kama mama alikuwa mnene wa kuchekesha, au baba amevaa suti yenye mabega makubwa na viatu vilivyopitwa na wakati. Hao aliwapa mkono na tabasamu la haraka, kisha akaenda kukaa nusu saa na wazazi wengine. Nilipousoma mfano huo niliikumbuka siku ya wazazi, mama yangu kwenye viatu vyake vya mpira, na nani alikimbiliwa alipokuwa akishuka kwenye gari. Hakuna neno la Kiswahili lililonitosha siku ile pia.

Halafu wale bata. Holden anawauliza madereva wa teksi: ziwa la bustani likiganda wakati wa baridi, bata huenda wapi? Dereva wa kwanza anadhani anachezewa. Wa pili anakasirika na kuanza kuzungumza kuhusu samaki. Wasomaji wengi nao hukasirika papo hapo, wakiona ni utoto. Lakini ndugu zangu wa Nakuru, hilo ni swali letu! Maji ya ziwa letu yalipopanda kwa kasi katika mwongo uliopita na chumvi yake kupungua, flamingo waliotufanya tujulikane duniani walihama kwa maelfu, wengi wakaenda Ziwa Bogoria. Tuliulizana sokoni na kwenye matatu: wamekwenda wapi, watarudi? Hakuna aliyetuita watoto. Holden anauliza viumbe huenda wapi makao yao yakibadilika, naye ni mtu ambaye mdogo wake alikwenda asirudi. Karibu na mwisho, akitembea barabarani, kila anapovuka njia anahisi atazama na kutoweka, na anamwomba Allie amshike asipotee. Aliyecheka habari za bata huwa hayuko tayari kwa ukurasa ule.

Salinger alipomtunga mvulana huyu alikuwa anajua kupoteza watu ni nini. Alikuwa mwanajeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, alitua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, akapigana majira yote ya baridi yaliyofuata, na mwaka 1945 alilazwa hospitalini Nuremberg, Ujerumani, akiwa amechoka kwa mambo aliyoyaona. Hadithi fupi zenye Holden zilianza kutoka magazetini kabla ya riwaya, moja Desemba 1945. Vita yenyewe imeguswa kidogo sana kitabuni, kupitia kaka mkubwa aliyekuwa jeshini. Mimi naamini ndiyo sababu huzuni ya Holden inamzidi umri. Wanaosema hakuna kijana wa miaka 16 anayechoka hivyo wana hoja. Aliyeandika alikuwa na miaka 32 na alikuwa ametoka mbali.

Tulibishana mwisho kuhusu jina la kitabu, yaani "Mdakaji katika Shamba la Nafaka". Holden anamwambia dada yake Phoebe, mwenye miaka 10, kwamba angependa kazi moja tu: watoto maelfu wanacheza katika shamba kubwa la nafaka, karibu na genge, naye amesimama ukingoni awadake wanaokimbia bila kuangalia. Ametoa wazo hilo kwenye shairi la Robert Burns alilolisikia vibaya; Phoebe anamsahihisha kwamba linasema kukutana, siyo kudaka. Kwa sisi picha hiyo ipo. Chukua ngano za Njoro, zisogeze hadi ukingo wa kreta ya Menengai, uwaachilie watoto wakimbie. Hata mwalimu alitikisa kichwa akakubali kwamba pale angesimama.

Ila kitabu hakiishii hapo. Kinaishia mvua ikinyesha, Phoebe akiwa na koti la buluu juu ya farasi wa mbao wanaozunguka, watoto wakijinyoosha kunyakua pete ya dhahabu. Holden anaogopa ataanguka. Hasemi kitu. Anaamua kwamba wakitaka kuifikia pete, waache, wakianguka, wameanguka.

Mama mmoja mwenye duka, ambaye saa nzima alikuwa hajasema lolote, akasema hapo ndipo alipompenda. "Wangu alipoanza kuvuka ile barabara kuu ya Eldoret peke yake kwenda shule, siku ya kwanza nilimsindikiza hadi ukingoni nikasimama upande huu. Nilijiziba mdomo kwa leso nisimwite."

Mwalimu alivaa miwani tena akaomba aonyeshwe ukurasa huo wa farasi. Aliusoma hadi chini polepole. Akasema karo imechezewa vilevile, hilo halijabadilika, lakini pale kwenye mvua mvulana amefanya jambo la mtu mzima. Binti akasema hapana, mwalimu, pale ndipo alipokata tamaa, na wakaanza upya.