Rangi hainyweki, inanata

Nimelisikia tena, safari hii kwa mhitimu wa kemia aliyesimama kando ya bango lake: “Chembe za nano hufyonza rangi ya viwandani.” Nimenyamaza mara nyingi. Leo hapana.

Chembe ya nano ina upana wa nanometa 1 hadi 100 hivi; nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Unatia, tuseme, chembe za magnetaiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, kwenye maji yenye rangi ya methilini bluu; rangi inazishika, unazivuta kwa sumaku. Basi.

Sasa hilo kufyonza. Sifongo hufyonza: maji huingia hadi ndani. Masizi hayafyonzwi na sufuria, yanaishika kwa nje tu. Rangi na magnetaiti ni habari ya masizi. Wazungu wenyewe walikuwa na neno moja, absopsheni, hadi mwaka 1881 mwanafizikia Mjerumani Heinrich Kayser alipoandika adsopsheni, yaani kushika kwa nje tu. Kilatini *sorbere* ni kunywa kwa kuvuta. *Ab-* ni kutoka, *ad-* ni kuelekea au kwenye. Tofauti ni b na d, na kwa kipaza sauti cha ukumbini huwezi kuisikia. Sisi tukazitupa zote mbili kwenye kapu la “ufyonzaji”.

Lakini kama ni kufyonza, udogo wote huo wa nini? Mchemraba wa sentimeta 1 una uso wa sentimeta 6 za mraba. Ukatekate uwe vimchemraba vya nanometa 10: nyuso zake zote zinafika meta 600 za mraba, na nyenzo haijaongezeka hata punje. Kilichoongezeka ni pa kushika tu.

Na kinachoshika huachia. Methilini bluu ina chaji chanya; tia asidi, uso wa magnetaiti nao unakuwa chanya, vinasukumana, rangi inarudi majini ilivyokuwa. Kuivunjavunja kabisa ni kazi ya titani dayoksaidi ikipigwa na mwanga wa urujuanimno, nayo ina jina lake, tusiichanganye hapa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kazi yako ni nzuri na bango lako halina kasoro nyingine. Andika tu “zinanasa rangi”. Na mtu akikuuliza rangi imekwenda wapi, mwoneshe sumaku.